Barua ya wazi kwa Kamisheni ya Ulaya: Simu ile haihitajiki tena

Kwa:
Mheshimiwa Makamu Mtendaji wa Rais wa Kamisheni ya Ulaya, msimamizi wa masuala ya ushindani,
na Mheshimiwa Kamishna wa Kilimo na Chakula,
Brussels.

YAH: SOKO LA SUKARI LA ULAYA KUBAKI MIKONONI MWA WACHACHE

Waheshimiwa,

Baada ya salamu na heshima zote zinazostahili nyadhifa zenu, naomba radhi kwa kuwafikia hadharani. Sikuanzia hapa. Nimeandika barua nne kabla ya hii: tatu kwa msambazaji anayeniuzia sukari, moja kwa ofisi ya umma ambayo sitaitaja. Msambazaji alinijibu mara moja, mistari mitatu. Ofisi ilinijibu kwamba barua yangu imepokelewa. Huu ni mwezi wa kumi na nne, na sina shaka bado imepokelewa.

Mimi ni mpika vitafunwa. Nina jiko mjini Hamburg ambamo napika kashata za nazi, visheti na kaimati, na penye harusi napika halua. Asiyeijua kazi hii anadhani sukari ni kiungo tu. Shira ya kaimati ikiwa nyepesi hainati, ikizidi moto inaganda. Halua unasimama nayo saa nzima na ushei ukiikoroga, jasho linakutoka, na sehemu kubwa ya hicho unachokoroga ni sukari. Kwa wiki ya kawaida namaliza mifuko minane ya kilo 25. Ikikaribia Idi huwa sihesabu.

Vuli ya mwaka 2022 ilikuja karatasi ya msambazaji: bei mpya kuanzia mzigo ujao, na kiasi nitakachopewa hakitazidi nilichonunua mwaka uliopita. Mfuko ukatoka euro 18 ukafika 29. Nikampigia muuzaji mwingine, wa mbali kidogo, upande wa kusini. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu nzuri. Hakuniuliza nataka mifuko mingapi wala napika nini. Aliniuliza namba ya posta ya mtaa wangu. Nikasikia vidole vyake kwenye kibodi, kisha akaniambia eneo langu linahudumiwa na wengine, akanitajia jina. Lilikuwa jina la watengenezaji wa sukari ile ile niliyokuwa naikimbia. Sina ushahidi wa njama yoyote, na sidhani kijana yule anaijua njama. Alisoma tu kilichoandikwa kwenye kioo chake. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Nakala ya Kijerumani ya barua hii imo kwenye bahasha iliyokuja kwenu. Hii ya Kiswahili ni kwa ajili ya wateja wangu wa hapa waliotoka Mombasa, Tanga, Unguja na Bujumbura wanaoniuliza kila wiki kwa nini kashata imepanda bei, maana wanadhani ni uroho wangu.

Hoja zangu ni hizi.

1. Mnayo kumbukumbu ya miaka hamsini, na haiwashtui.

Tarehe 2 Januari 1973 Kamisheni yenu iliziadhibu kampuni za sukari za Ulaya kwa kulindiana masoko, huyu asiuze kwa yule. Hukumu ya Mahakama ya Haki ya Ulaya iliyofuata, ya 16 Desemba 1975, ndiyo ambayo hadi leo wanafunzi wa sheria huisoma wanapotaka kujua nini maana ya kampuni kuelewana bila kuandikiana mkataba. Yaani sukari imeipa sheria yenu ya ushindani mojawapo ya mafunzo yake ya msingi. Si sifa ya kujivunia kwa bidhaa inayokaa kwenye kila kabati la jikoni.

Mwaka 1997 mkaitoza faini Irish Sugar ya Ireland kwa kutumia vibaya ukubwa wake. Ndani ya kesi hiyo kuna kisa nakipenda kwa ubaya wake: mwaka 1988 pakiti za kilo moja za sukari ya Kifaransa zilikuwa zimeshafika madukani, na kampuni ikapatana na wafanyabiashara ziondolewe rafuni na kubadilishwa kwa sukari yake. Pakiti kwa pakiti! Mwaka 1998 ikawa zamu ya Uingereza, British Sugar na wenzake, kwa makubaliano ya bei. Februari 2014 mamlaka ya ushindani ya Ujerumani, Bundeskartellamt, ikazitoza kampuni tatu za sukari za humo nchini, Südzucker, Nordzucker na Pfeifer & Langen faini ya jumla ya takriban euro milioni 280 kwa kugawana maeneo, viwango vya mauzo na bei kwa miaka mingi. Na hii ya mwisho isingejulikana upesi kama Nordzucker wenyewe wasingekwenda kukiri.

Ila nataka tukae kidogo kwenye simu moja. Tarehe 22 Februari 2006 mkurugenzi wa mauzo wa Südzucker alimpigia mwenzake wa Nordzucker. Malalamiko yake: sukari kutoka kampuni tanzu ya Nordzucker nchini Slovakia ilikuwa inavuka mpaka na kuuzwa Austria, na Austria ni nyumbani kwa Agrana, ambayo ni tanzu ya Südzucker. Akadokeza kwamba mambo hayo yanaweza kuwa na matokeo kwenye soko la Ujerumani. Basi. Simu ya watu wawili wanaofahamiana. Miaka 16 baadaye, Machi 2022, simu hiyo bado ilikuwa inajadiliwa mbele ya Mahakama ya Haki kule Luxembourg, swali likiwa kama Austria nayo inaweza kuadhibu jambo ambalo Ujerumani imeshaliadhibu.

Waheshimiwa, mimi sishangazwi na simu. Nashangazwa na kilichomkera aliyepiga: kwamba muuzaji mmoja wa sukari alithubutu kumuuzia mnunuzi wa nchi jirani, ndani ya soko mnaloliita moja. Watu wa pwani husema mafahali wawili hawakai zizi moja. Hawa wamekaa, tena kwa miaka, kwa sababu wamechora mstari katikati ya zizi. Na leo wamebaki wachache kiasi kwamba kila mmoja anaujua mstari bila kukumbushwa. Faini zenu zimeadhibu simu. Hazijagusa kilichoifanya simu isihitajike tena.

2. Ubomoaji wa viwanda mliupanga ninyi.

Kuanzia mwaka 2006 mlishusha bei rejea, yaani bei rasmi ya kigezo, ya sukari nyeupe kwa asilimia 36, kutoka euro 631.9 hadi 404.4 kwa tani, na mkaanzisha mfuko wa kuwalipa wenye viwanda waache kuzalisha. Miaka miwili ya mwanzo malipo yalikuwa euro 730 kwa kila tani ya mgao iliyorudishwa, mgao ukiwa ni kiasi ambacho kampuni iliruhusiwa kuzalisha kwa soko la ndani. Ili upate kiwango kamili haikutosha kufunga geti. Mitambo ilipaswa kung'olewa. Zaidi ya viwanda 70 vilifungwa, na malipo yakapita euro bilioni 5. Ireland, Latvia na Slovenia ziliacha kabisa kutengeneza sukari ya viazi sukari, ile mizizi inayolimwa Ulaya badala ya miwa. Kule Carlow, Ireland, walikuwa wameanza mwaka 1926. Wakafunga 2005, na kiwanda cha Mallow kikafuata 2006. Kampuni iliyowahi kuhangaika kuondoa pakiti za Wafaransa rafuni ikaacha rafu lenyewe.

Mtasema fedha hizo zilitokana na tozo za wenye viwanda wenyewe. Ni kweli. Na tozo ile nani aliibeba mwisho wa safari, kama si aliyenunua sukari?

Kiwanda kilichofungwa kinaweza kupata mnunuzi siku moja. Kilichong'olewa hakipati. Anayetaka kuingia sasa lazima ajenge upya kwa mamilioni mengi ya euro, kisha awashawishi wakulima wa eneo zima wamletee viazi yeye na si jirani yake mkubwa. Kwa maneno mengine, haingii mtu. Mahakama ya Wakaguzi ya Ulaya ilipoyakagua mageuzi haya mwaka 2010 ilihoji kama punguzo la bei linamfikia mlaji. Mimi ni mlaji wa kilo 200 kwa wiki, naweza kujibu.

3. Kila ununuzi mliupima peke yake, na jumla haikupimwa.

Mwaka 2001 Südzucker iliichukua Saint Louis Sucre ya Ufaransa. Kamisheni iliruhusu kwa masharti. Mwaka 2007 ushirika wa Cosun wa Uholanzi ulichukua biashara ya sukari ya CSM, na Uholanzi ikabaki na mtengenezaji mmoja. Mwaka 2009 Nordzucker ilinunua biashara ya sukari ya Danisco ya Denmark, na kwa pigo moja ikawa ndiyo mtengenezaji wa Denmark, Sweden na Finland. Mwaka huo huo Associated British Foods, wenye British Sugar, walichukua Azucarera ya Hispania. Austria ina Agrana tu. Hungary kimebaki kiwanda kimoja, Kaposvár, nacho ni cha Agrana.

Nakiri kuna mahali kazi ilifanyika vizuri. Danisco ilipouzwa, kiwanda chake cha Anklam, kaskazini-mashariki mwa Ujerumani, hakikwenda kwa Nordzucker. Kilikwenda kwa Waholanzi wa Cosun. Leo Anklam bado inafanya kazi, na ndiyo sababu Ujerumani ina mtengenezaji wa nne. Kumbe inawezekana.

Na haya ya kuungana ni nusu tu. Mgao wa uzalishaji ulipofutwa tarehe 30 Septemba 2017 mlituahidi ushindani. Kampuni kubwa zikazalisha kwa fujo, bei ikaanguka, na ikaja zamu nyingine ya kufunga. Südzucker ikatangaza kufunga viwanda vitano: Warburg na Brottewitz hapa Ujerumani, Cagny na Eppeville Ufaransa, Strzyżów Poland. Cristal Union ya Ufaransa ikafunga Toury na Bourdon. Mwaka 2023 Tereos, ya Ufaransa pia, ikasitisha kiwanda cha Escaudœuvres. Mwaka 2025 ikawa Leopoldsdorf ya Austria na Hrušovany ya Czech, zote za Agrana. Kila kinachofungwa, eneo lake linarithiwa na mkubwa aliye karibu. Wala hapo hakuna ombi linalokuja mezani kwenu, kwa sababu kufunga kiwanda si kuungana.

4. Bei.

Kwa takwimu zenu wenyewe, mwanzoni mwa 2019 tani moja ya sukari nyeupe ilikuwa chini ya euro 320. Mwishoni mwa 2023 ilipita 800. Mwaka wa fedha wa 2023/24 Südzucker ilitangaza faida ya uendeshaji ya karibu euro milioni 950 kwa kundi zima. Niwe mkweli: mwaka uliofuata iliporomoka vibaya, na sukari ikaingia hasara. Sisemi wanatajirika kila siku. Nasema bei inapopanda, mtu wa jikoni hana mlango wa pili wa kugonga, na inaposhuka, kushuka huko kunamfikia kwa kuchelewa sana. Mfuko wangu haujarudi euro 18.

Hizo takwimu nazo mnazichapisha kwa wastani wa kanda, si kwa nchi. Naelewa sababu: katika nchi yenye mtengenezaji mmoja, bei ya nchi ni bei yake. Basi hebu litazameni jambo hilo kwa dakika moja. Soko limebana kiasi kwamba takwimu zake ni siri ya biashara ya mtu.

5. Ukuta wa ushuru.

Ningependa kununua nje. Ushuru wa kawaida wa sukari nyeupe ni euro 419 kwa tani, zaidi ya bei yote ya tani ilivyokuwa 2019. Nchi maskini zaidi zimeruhusiwa tangu 2009 kuingiza sukari bila ushuru, na Tanzania yangu imo. Lakini msomaji wa nyumbani anakumbuka mwanzoni mwa 2024, kilo ilipopita shilingi 4,000 na serikali ikalazimika kutangaza bei elekezi. Hatuna ya kuwaletea. Malawi na Msumbiji wanayo, ila nyingi inasafiri ikiwa ghafi, inahitaji kusafishwa, na wasafishaji wa Ulaya nao unawahesabu kwa vidole. Baadhi yao ni kampuni zile zile.

Majibu ninayoyatarajia

Nimeshayasikia kwa wengine, kwa hiyo niwapunguzie kazi.

Mtasema ni gesi. Kuchemsha viazi kunakula moto mwingi, na 2022 gesi iliwaumiza wote. Hata mimi nina bili. Lakini gesi ilishuka sana mwaka 2023, na mwaka huo huo sukari ikaendelea kupanda.

Mtasema wenye kampuni hizi ni wakulima. Hili ndilo jibu zito, na lina ukweli. Tereos, Cristal Union na Cosun ni vyama vya ushirika. Südzucker hisa zake nyingi ziko kwa ushirika wa wakulima wa viazi. Nordzucker vilevile imejengwa juu ya wakulima. Basi nendeni mkamwone mkulima. Yuko mmoja ninayemnunulia mayai, nje ya mji. Mwezi wa kumi na moja viazi vyake vinalala kando ya barabara, lundo refu kama daladala tatu zilizoegeshwa mfululizo, limefunikwa shuka jeupe lisipigwe na baridi kali, linasubiri lori. Hapangi yeye lori lije lini. Kiwanda alichokuwa akipeleka baba yake kwa trekta kimeshafungwa. Kiazi sukari karibu robo tatu ni maji, kwa hiyo kukisafirisha mbali ni kusafirisha maji, na hakikai: kikichelewa, sukari inapungua humo humo ndani. Nilimuuliza mwaka jana, bei wakikupa mbaya unauza kwa nani? Akacheka, akaniuliza mimi halua yangu nawauzia nani Wajerumani wakigoma. Ana hisa, ndiyo. Wakulima wa Warburg nao walikuwa nazo, na hazikukizuia kiwanda kufungwa. Mwenye hisa ambaye hawezi kuuza kwingine ni mteja aliyefungwa kamba kama mimi, ila yeye kamba yake ina cheti.

Mtasema Brazil ni kubwa, na ni lazima Ulaya iwe na kampuni kubwa za kupambana nayo. Kupambana wapi, ikiwa kuna ukuta wa euro 419?

Na mtasema sukari ni senti chache katika bajeti ya familia. Kwa familia, sawa. Kwa mwokaji, mtengeneza jamu, muuza aiskrimu na mama wa kashata, ni tofauti kati ya kuajiri msaidizi na kumuaga. Nilimuaga wangu Februari 2023.

Ninachoomba

Kwanza, fungueni uchunguzi wa sekta nzima ya sukari. Kanuni Namba 1 ya mwaka 2003, Ibara ya 17, inawapa mamlaka hayo bila kusubiri mlalamikaji wala mtu wa kukiri. Chunguzeni nani anamuuzia nani, kutoka kiwanda kipi, na ni mara ngapi mnunuzi mdogo anaambiwa eneo lake "linahudumiwa na wengine".

Pili, kampuni yenye nguvu kubwa katika eneo inapotaka kufunga kiwanda, ilazimike kwanza kukitangaza kwa mauzo kwa bei ya haki, mshindani akiruhusiwa kununua, na mitambo isiguswe hadi muda huo upite. Mfano wa Anklam mnao.

Tatu, muungano au ununuzi wa hisa ujao upimwe kwa jumla ya yaliyotangulia, hisa ndogo zikiwamo, na kwa ramani ya umbali ambao sukari na viazi husafiri kweli.

Nne, ushuru upunguzwe wenyewe kwa muda bei ya ndani inapovuka kiwango kitakachotangazwa mapema, na sehemu ya nafuu hiyo iende kwa sukari iliyo tayari kwa matumizi, katika mafungu ambayo hata wanunuzi wadogo waliojiunga wanaweza kuyamudu. Mwaka 2011 sukari ilipoadimika mlipunguza ushuru kwa muda na kuruhusu sukari ya nje ya mgao iuzwe ndani, kwa hiyo siwaombi jambo geni.

Tano, chapisheni bei anayolipa mnunuzi wa mifuko, kando ya ile ya mnunuzi wa malori. Mimi sijawahi kununua kwa bei ya takwimu zenu hata siku moja.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 60, hoja kwa hoja. Jibu la kwamba barua imepokelewa ninalo tayari. Na kama kuna afisa wenu anayetaka kuona bili zangu za sukari tangu 2018, nimezipanga kwa tarehe kwenye boksi la viatu juu ya friji. Jikoni naingia saa kumi alfajiri. Aje kabla ya saa mbili, maana baada ya hapo huwa nimesimama kwenye sufuria na siwezi kuacha kukoroga.

Wenu mtiifu,

Mpika kashata na halua,
Hamburg